Miji ya Makimbilio

Somo: Hesabu 35:9–34



Yako mambo yasiyokwisha kunenwa barazani, toka Kilwa Kivinje hata Mchinga na Lindi. Mojawapo ni habari ya Elizabeth Michael, mwigizaji wa filamu ambaye wengi humwita Lulu. Filamu zake zimeoneshwa katika vibanda vya video vya miji yetu, na vijana wengi wamjua uso wake kuliko wawajuavyo manabii. Wako wasemao kwamba ni mwuaji. Wako wasemao kwamba alionewa. Na hao wote hunena kana kwamba walikuwamo chumbani usiku ule. Kwa hiyo na tuitazame habari hii kwa nuru ya Neno la Mungu, si ili tumhukumu mtu mara ya pili, bali tujifunze jinsi Mungu atakavyo watu wake wanene na watende, damu ya mtu inapomwagika.

Kwanza tuyajue yaliyotukia. Elizabeth alianza kuigiza tangu utoto wake, katika kundi la Kaole huko Dar es Salaam. Katika kundi hilohilo alipitia Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, ambaye baadaye alisifiwa kuwa mkuu wa waigizaji wa Tanzania. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012 Kanumba alikufa nyumbani kwake Sinza, naye alikuwa na umri wa miaka 28 tu. Binti yule alikuwapo nyumbani. Maelfu ya watu walikusanyika kumzika, na mama yake akabaki na uchungu usioelezeka.

Binti akakamatwa, akashitakiwa kwanza kwa kuua kwa kukusudia, shitaka lisilo na dhamana. Akakaa rumande, na mabishano juu ya umri wake yakakawiza shauri. Baadaye shitaka liligeuzwa kuwa la kuua bila kukusudia, na mwezi wa Januari 2013 akapewa dhamana. Akarudia kazi yake, na mwaka 2016 akapata tuzo ya filamu huko Lagos, Nigeria. Lakini shauri lilikuwa bado linamngoja. Tarehe 13 Novemba 2017 Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Sam Rumanyika, ilimwona ana hatia ya kuua bila kukusudia, ikampa kifungo cha miaka miwili. Mwezi wa Mei 2018 alitolewa gerezani ili amalizie adhabu yake nje, kwa kazi za jamii. Na katika mwaka uo huo adhabu ile ikaisha.

Sasa tuitazame torati. Mungu alimwamuru Musa itengwe miji sita, mitatu upande huu wa Yordani na mitatu upande wa pili, ili mtu aliyeua pasipo kukusudia akimbilie humo. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 19, tumepewa mfano wa watu wawili waliokwenda msituni kukata miti. Chuma cha shoka kikachomoka katika mpini, kikampiga mmoja, akafa. Wenzetu wanaokata boriti katika mikoko waelewa vema jambo hilo. Mtu ni yuleyule aliyekufa, na machozi ya mama yake ni yaleyale. Lakini mbele za Mungu aliyevizia kwa chuki si sawa na yule ambaye mkono wake ulileta mauti asiyoyataka. Sheria ya nchi yetu nayo yatenga mambo hayo mawili: auaye kwa kukusudia hukumu yake ni kifo, auaye bila kukusudia aweza kufungwa, hata maisha, naye jaji hupima.

Katika sheria hiyo ya Mungu twaona mambo matatu.

La kwanza: mtu asiuawe kabla hajasimama mbele ya mkutano ahukumiwe, wala neno la shahidi mmoja halitoshi. Je, sisi twafanyaje? Wavuvi wawili wakienda baharini usiku na akarudi mmoja, hukumu hukatwa pwani kabla mashua haijafungwa. Mmoja husema, “Walikuwa na ugomvi wa fedha”. Wa pili huongeza. Wa tatu huapa. Jua likichomoza, mtu yule amekwisha kuwa mwuaji, hata kama wimbi ndilo lililomtwaa mwenziwe. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mifupa. Shauri la binti yule lilichukua zaidi ya miaka mitano, wakasikilizwa mashahidi, naye mwenyewe akajitetea. Walimwengu walikwisha kumhukumu katika juma la kwanza. Mkristo asemaye jambo asilolishuhudia amevunja amri ya nane, hata kama baadaye likaonekana kuwa kweli.

La pili: damu haifanywi kuwa kitu kidogo. Aliyekimbilia mji wa makimbilio hakurudishwa nyumbani siku ya pili. Alikaa humo, mbali na shamba lake na jamaa zake. Wala haikuruhusiwa kupokea fidia ili arudi upesi. Kwa nini, hali hakukusudia? Kwa sababu uhai ni mali ya Mungu, na aliyekufa naye alikuwa na mama. Basi wasemao kwamba binti yule hakustahili kuulizwa neno, kwa kuwa ni mzuri wa uso na jina lake ni kubwa, nao wakosea. Mahakama haikuutazama umaarufu wake. Ilimpeleka gerezani kama ambavyo ingempeleka mkulima wa Nangurukuru. Hivyo ndivyo ipasavyo.

La tatu, nalo ndilo tulisahaulo zaidi: kifungo kile kilikuwa na mwisho. Kuhani mkuu alipokufa, mtu yule alirudi katika nchi ya urithi wake, na mlipiza kisasi hakuwa na ruhusa tena ya kumgusa. Hakurudi kujificha, bali kuketi katika urithi wake. Lakini kwetu mtu akitoka gereza la Lindi, amekwisha kulipa yote aliyodaiwa na sheria, hukuta kifungo cha pili kikimngoja kijijini, nacho hakina mwaka wa kuisha. Hukosa wa kula naye na wa kumwoza binti. Kanisani huketi benchi la nyuma peke yake. Jaji alitoa miaka miwili. Sisi twatoa maisha.

Ndugu, angalieni siku ile Kanumba alipofariki. Ulikuwa usiku wa Ijumaa Kuu. Saa zile sharika zetu zilipokuwa zimetoka kuhubiriwa kifo cha Kuhani Mkuu wetu, nyumba moja Sinza iliingia msiba. Waraka kwa Waebrania watufundisha kwamba Kuhani Mkuu huyo amekwisha kufa, mara moja tu, na kwa kifo chake mlango wa kurudi nyumbani umefunguliwa. Ikiwa kifo cha kuhani wa Israeli, mwenye dhambi kama sisi, kilimrudisha mwuaji nyumbani, je, kifo cha Mwana wa Mungu ndicho kisichotosha kumrudisha jirani yetu benchini petu?

Kwa hiyo, wainjilisti na wazee wa kanisa, nawasihi. Habari ya kifo ikifika mtaani, zuieni maneno. Ombeni pamoja na wafiwa, mkawaachie polisi na mahakama kazi yao. Aliyefungwa mtembeleeni, wala msimwambie kwamba hakutenda neno. Mwongozeni katika toba. Naye atokapo, mzee mmoja amwendee nyumbani kabla ya Jumapili, aje naye kanisani, aketi karibu naye. Wala msiwasahau waliofiwa. Nao waendewe, maana huzuni yao haiishi siku ile kifungo kinapoisha.

Bwana Mungu, linda vinywa vyetu, wafariji waliao, uwape mahakimu wetu hekima. Na kwa ajili ya Yesu Kristo, Kuhani wetu Mkuu, utufanye sharika zetu kuwa miji ya makimbilio. Amina.