Chumvi Isiyotiwa kwa Mkono Wako

Msomaji kijana, ukiulizwa jana ulikula chumvi kiasi gani, utajibu nini? Hata mkweli hawezi kujibu, maana nyingi huwamo chakulani kabla hakijafika mezani. Kwa hiyo wataalamu wa Uingereza waliwaomba watu wazima wakusanye mkojo wao wote wa saa 24, wakaupima. Kazi hiyo haipendezi, lakini mkojo hausahau. Mwaka 2000 hadi 2001 wastani ulikuwa gramu 9.5 kwa siku. Mwaka 2011 ukawa gramu 8.1. Katika muda huo watengenezaji, kwa kuhimizwa na serikali, walikuwa wakipunguza chumvi ya mkate kidogo kidogo, hata ulimi usitambue, kwani ikizidi hupandisha shinikizo la damu.

Je, ni haki kumbadilishia mtu chakula pasipo kumwuliza? Wako wasemao kuwa huko ni kumfanya mtu mzima mtoto, na hoja yao si ya kudharauliwa. Lakini chumvi ile ilipotiwa, nani aliulizwa? Atakaye zaidi angali na chombo cha chumvi mezani pake. Aliyetaka pungufu hakuwa na njia ya kuitoa katika mkate uliokwisha kuokwa.