Gazeti Lililobaki Mezani

Wanangu, jana jioni niliwasikia. Nilikuwa ndani, dirisha wazi, nanyi mkibishana pale kibarazani kwamba waandishi wa habari wamenunuliwa wote, hakuna hata mmoja wa kuaminiwa. Sikutoka. Magoti hayanipi tena nafasi ya kuinuka kila mara, na maneno yangu mmekwisha kuyasikia. Lakini nimelala nayo, na asubuhi hii nawaomba mnivumilie kidogo.

Mlichosema kina ukweli. Mwandishi wa mkoani hulipwa kwa habari moja moja, na habari ikikosa nafasi gazetini, hana cha kupeleka nyumbani. Anayemwita kwenye mkutano ndiye anayemtilia bahasha mfukoni. Mwenye gazeti ana biashara nyingine za kulinda, na matangazo yakikatwa gazeti linayumba. Nayajua hayo na siyatetei. Ila mimi niliuza magazeti hapa Arusha, mezani, karibu na stendi, kwa miaka mingi, na muuzaji huona jambo ambalo mhariri halioni: huona mkono wa mnunuzi unakwenda wapi.

Nilianza enzi za magazeti ya Uhuru na Daily News, na redio yetu huku bara ilikuwa Radio Tanzania. Watu walinong'ona pale mezani kwamba tunafichwa mambo, laiti tungepata gazeti lisilo la chama wala la serikali. Miaka ya 1990 magazeti ya namna hiyo yakaja, tena mengi. Nilifurahi kweli. Baada ya muda nikaanza kuona yanayomalizika mapema: nani amefumaniwa na nani, mchawi gani ameanguka na ungo. Lile lililochimba hesabu za halmashauri lilibaki. Na mpaka leo, mwandishi wa michezo akisema Simba wamezidiwa kihalali, basi ni Yanga huyo. Akisema Yanga ndio waliozidiwa, amehongwa na Simba.

Lakini mwaka ulionichosha ni 2011. Nyinyi mlikuwa wadogo. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, KKKT, Ambilikile Mwasapile, kijijini Samunge kule Loliondo, alisema ameoteshwa dawa. Kikombe kimoja, shilingi 500, dawa ya mizizi ya mti uitwao mugariga, na ikasemwa inaponya kisukari, Ukimwi, saratani, shinikizo la damu. Mji huu ulifurika. Magari yalitoka kila pembe, hata Kenya, yakashika njia ya Mto wa Mbu, na foleni kule ikawa ya kilomita nyingi. Wapo waliokata roho njiani kabla ya kukifikia kikombe. Yule mzee simhukumu. Ametangulia mbele ya haki mwaka 2021, na wengi walimwendea kwa sababu hospitali ziliwashinda. Nasema juu yetu sisi wa mezani. Gazeti lenye picha ya kikombe na shuhuda za waliopona lilikuwa limekwisha saa mbili asubuhi. Lenye daktari akiwasihi wagonjwa wasiache dawa zao, tena ukurasa wa ndani, nililirudisha kwa wakala likiwa bado limefungwa kamba. Siku ya nne nikafanya jambo ambalo hakuna aliyeniagiza. La kikombe nikalitundika juu kabisa, la daktari nikaliweka chini ya mengine. Hakuna mkubwa aliyenipigia simu. Nilitaka kuuza.

Nilikuwa na mteja wa kila siku, mama mmoja mwalimu, ana kisukari. Hakuwa mjinga, aliwafundisha wengi wa rika la baba zenu. Majuma mawili alinunua la kikombe. Asubuhi moja nikamwambia polepole, mwalimu, kuna na hili, daktari ameeleza jambo. Akanitazama kama niliyemtukania mzazi. "Baba, nimechoka na habari za kunikatisha tamaa." Nikampa chenji yake, nikanyamaza. Alikwenda Samunge, akarudi anang'aa, vidonge akavifungia kabatini. Mwaka haukwisha, wakamkata mguu. Alijua kusoma kuliko mimi. Alitaka tu habari itakayomwacha alale usingizi.

Msidhani hayo ni ya wagonjwa peke yao. Hapa hapa Arusha, Desemba 2003, mahakama ya Umoja wa Mataifa iliwatia hatiani kwa mauaji ya kimbari watu watatu wa habari wa Rwanda: Ferdinand Nahimana, profesa wa historia, na Jean-Bosco Barayagwiza, waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa redio ya RTLM, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Magazeti yenye habari za kesi ile hayakuwa na wanunuzi wengi, nikawa nayasoma mwenyewe. Kilichonikaa moyoni ni jinsi redio ile ilivyopendwa. Ilipoanza mwaka 1993, redio ya serikali ilikuwa kavu. RTLM ilipiga muziki mtamu wa Kongo, watangazaji wake wakizungumza kama vijana wa mtaani, utani mwingi. Chuki iliingia katikati ya nyimbo, kidogo kidogo, na aliyekwisha kuipenda redio hakuona sababu ya kuizima. Ilipofika Aprili 1994, sauti zile zile alizozizoea ndizo zilizotaja watu kwa majina na mahali walipojificha.

Sasa turudi kwenu jana jioni, kwenye ile video mliyokuwa mkioneshana, ya diwani akipokea fedha. Nimeambiwa mmekwisha kuituma kwenye makundi matano. Nani aliipiga? Lini? Fedha zile ni za nini? Mmoja wenu, simtaji, alisema hata kama si kweli, inamfaa. Neno hilo ndilo lililoninyima usingizi. Diwani simtetei, huenda ni mwizi kweli. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyemwuliza, na ofisi ya kata iko nyuma ya soko, mnapita hapo kila siku.

Nioneshe hiyo simu, mwanangu. Kisha nileteeni viatu vyangu na fimbo, twende sote. Wanafungua saa moja na nusu.