Mchanga ni Mali ya Nani?

Wahenga walitufunza kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufuoni mwa bahari usemi huu hutudai fikira zaidi, kwani huko ukuta wa mmoja huweza kuwa ufa wa jirani yake.

Mchanga wa pwani hautulii mahali pamoja. Mito huuleta kutoka bara, mawimbi huusaga kutoka katika matumbawe, nayo mikondo huuchukua. Kusi ikivuma husogea upande wa kaskazini. Kaskazi ikivuma, sehemu yake hurejea. Ufuo upokeao kadiri utoavyo hudumu. Utoao zaidi ya upokeavyo huliwa. Basi ajengaye ukuta wa kunasa mchanga mbele ya kiwanja chake humnyima riziki aliye mbele yake. Hata bwawa lijengwalo mbali na bahari, pamoja na neema yake ya umeme na samaki, huzuia mchanga ambao ungefika pwani.

Mbele ya Pangani kipo Maziwe, kisiwa kilichokuwa na mivinje, na kasa wakipanda kutaga mayai. Mwaka 1975 kilitangazwa kuwa hifadhi. Hata hivyo miti yake ilikwisha, na leo ni fungu la mchanga lifunikwalo na maji yajaapo. Wako wanaolaumu shoka, wako wanaoitaja bahari yenyewe. Lililo dhahiri ni kwamba tangazo halikuweza kufanya kazi ya mizizi.

Je, mchanga ni mali ya nani? Kijana auchotaye na kuupakia katika lori atajibu, "Nina watoto." Jibu hili halifai kudharauliwa, kwa maana njaa ni ya leo na mmomonyoko huonekana kuwa wa kesho. Lakini mwenye minazi inayong'oka naye ana watoto. Haki ya kuishi haiwezi kuwa haki ya kuuza ardhi iliyo chini ya miguu ya mwenzio.

Tusimhukumu mchotaji peke yake, hata hivyo. Aliyenunua mchanga huo akajengea nyumba ya fahari mjini amepata faida kubwa zaidi; kwa hiyo deni lake ni kubwa zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ufuoni za kulindwa. Sheria hiyo ikimbana mwenye ndoo na kumpisha mwenye lori, itakuwa imelinda mchanga na kuivunja haki.

Kwa hiyo, shauri la mchanga lisikatwe na kijiji kimoja, wala na mwenye kiwanja mmoja. Wakae pamoja wa juu ya mto na wa mlangoni mwake, wa kusini na wa kaskazini, pamoja na mnunuzi wa mjini. Mchotaji atafutiwe kazi nyingine kabla hajanyang'anywa ndoo. Nanyi vijana mpandao mikoko matopeni, fahamuni kwamba mnawatunzia ardhi watu msiowajua, kama vile wasiowajua ninyi walivyowatunzia hii mnayoikanyaga.