Stima Safi ni ya Nani Kwanza?

Jikoni kwa shosh hapa Kaaga bado ni mawe matatu na kuni, na ukuta ulikuwa mweusi kabla nizaliwe. Stima iko nyumbani, lakini ni ya taa na simu. Tokeni za kuchemsha githeri nani atanunua? Ng'ambo ya ua kuna mjengo unapanda, na kila wiki lori linashusha simiti.

Hiyo simiti inanisumbua. Nilisoma kemia kidogo kabla ya kuacha chuo, na jambo moja lilinikaa kichwani: mawe ya chokaa hupikwa hadi nyuzi 1,450 hivi, na matanuri ya Athi River yametegemea sana makaa ya mawe. Tena zaidi ya nusu ya hewa ya kaboni hutoka ndani ya jiwe lenyewe. Hiyo stima haiwezi kuiondoa.

Na ile nyingine? Kule Ludwigshafen, Ujerumani, BASF, SABIC na Linde walizindua mwaka 2024 matanuri ya majaribio ya kemikali yanayotumia stima, jumla megawati 6, joto la nyuzi 850 hivi. Kinachochekesha ni kwamba stima ya gridi ya Ujerumani bado ina makaa ya mawe ndani. Yetu karibu asilimia 90 ni mvuke wa Olkaria, mito, upepo na jua.

Basi tuanze? Marafiki zangu husema Afrika haijachafua kitu, tuachwe tuchome. Siipendi hoja hiyo. Inamgeuza shosh kuwa kisingizio cha mwenye kiwanda. Lakini pia sitaki kiwanda kitengewe stima safi kwa jina la hali ya hewa huku yeye akiendelea kukohoa.

Kuna njia ya katikati. Usiku watu wakilala, mvuke mwingine Olkaria huachiliwa hewani kwa kukosa wateja. Kiwanda kiuchukue, kihifadhi joto kwenye matofali hadi mchana. Hapo hakuna anayenyimwa. Shida ni jioni, wakati sote tunapika na tanuri nalo halilali. Stima isipotosha, nani akatiwe? Mimi nasema tanuri, hata kama kwa hesabu ya kaboni lingeokoa tani nyingi kuliko jiko la shosh. Tani hazina mapafu.

Nilimwuliza kama angetaka jiko la stima. Alicheka, akaniuliza kama siku stima ikipotea nitakuja kumpasulia kuni.