Mtoto wa Kapata na masomo ya sosholojia

Kijana wa Kapata, mtaa wa Kolwezi nchini Kongo, akitamka kwamba chuo kikuu anataka kusoma sosholojia, tena tofauti za walio nacho na wasio nacho, huulizwa papo hapo atakula nini. Wanaouliza wana haki yao: Kolwezi inaishi kwa shaba na kobalti, na mhandisi wa migodi haangaiki sana kutafuta kazi. Wengine husema tofauti hizo hazihitaji darasa, kwani malori ya kampuni yanapita huku akina mama wakiosha mawe ya madini ziwani Malo. Macho hayana pazia, kweli, ila yanaona ya leo tu. Kapata ilikuwa mtaa wa wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyochukua migodi ya Union Minière mwaka 1967. Nyumba, posho ya unga, shule na matibabu vilitoka kwa kampuni, na vilitoka kwa daraja. Kada, yaani mfanyakazi wa ngazi ya juu, hakuishi mtaa mmoja na mfanyakazi wa kawaida. (Wanaozililia enzi hizo huwasahau wale ambao hawakuwa na namba ya kazi.) Mgodi wa kampuni hiyo wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990 uzalishaji ukaanguka, na mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Nani alisukumwa kwenda kuchimba shimoni na nani akapona, hilo lina historia. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi aliandika historia ya wafanyakazi wa migodi hii kwa kuzisikiliza familia zenyewe, kwa hiyo anayedai elimu ya aina hii ni ya Wazungu hajatazama karibu.

Na tofauti za leo nazo zinahitaji maswali: tazama depo ya wanunuzi wa madini. Gunia la mchimbaji likifika, mnunuzi analielekezea kifaa kiitwacho Metorex, anasoma asilimia ya kobalti, anataja bei. Mchimbaji hana kifaa chake. Akihisi amepunjwa, atabisha kwa kipimo gani? Mjiolojia atakueleza kilichomo ndani ya jiwe. Kwa nini kipimo kiko mkononi mwa upande mmoja, na kwa nini aliyeosha hugawiwa mwisho, hayo ni maswali ya sosholojia.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba huyo msomi naye ataajiriwa na kampuni ili awapoze wanakijiji. Hutokea. Lakini sheria ya madini ya 2018 inaitaka kampuni ya migodi itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi, na ikubaliane nazo kwa maandishi itafanya nini. Mezani hapo lazima awepo mtu ajuaye kuhesabu kaya, na kama wote waliosomea kazi hiyo wanalipwa na upande mmoja, orodha itafuata anayelipa. Mwenye nyumba ya matofali ataandikwa bila shida. Mpangaji wake, na mama anayeosha mawe ya wengine, wataandikwa pale tu mtu atakapowauliza.