Waliosimama Juu Yetu



Mwenyezi Mungu hutufundisha hata kwa viumbe visivyoonekana kwa macho. Mwaka 1956, mjini Corvallis, Marekani, bwana Arthur Anderson na wenzake waliipiga nyama ya kopo kwa mionzi iliyodhaniwa kuua kila kijidudu. Nyama ikaoza. Ndani yake mlikuwa na kijidudu kiitwacho Deinococcus radiodurans. Mionzi huzikata vipande vipande nyuzi za urithi zilizomo ndani yake, nacho huziunga tena.

Mwaka 2015 wataalamu wa Japani waliviweka vijidudu vya namna hiyo, vikiwa vimekaushwa, nje ya Kituo cha Anga cha Kimataifa, pasipo hewa, mbele ya mionzi ya jua. Baada ya miaka 3 wakavichunguza. Katika madonge yenye unene wa nusu milimita, vya juu vilikuwa vimekufa, lakini vya ndani vilikuwa hai. Vilivyokufa vilikuwa kivuli cha vilivyo chini yake.

Ndugu yangu, wewe uliye hai katika imani leo, ni nani aliyesimama juu yako? Labda ni bibi yako aliyekesha akikuombea ulipopotea. Labda ni mwalimu wa dini aliyekwenda kwa miguu mtaa hata mtaa, na sasa amelala makaburini wala hatulitaji jina lake. Wao walichomwa na jua, sisi tukapata kivuli.

Lakini vijidudu havikuchagua kufa. Bwana wetu Yesu Kristo alichagua. Alisimama mahali petu kwa hiari yake.

Wako wanaosema, "Mimi nasali nyumbani, yanitosha." Wako pia wajane na vijana ambao sisi wenyewe tumewaacha wakae peke yao juani, nami mchungaji wenu sijitoi katika kosa hilo. Je, nani atakuwa kivuli chao?

Hata vile vya ndani havikutoka bila jeraha. Vilipopewa maji na chakula ndipo vilipoziunga nyuzi zao. Nasi tuliojeruhiwa tumepewa maji ya ubatizo na Meza ya Bwana. Basi kabla ya Jumapili ijayo, kila mmoja wetu amwendee mtu mmoja asiyeonekana tena kanisani, asimlaumu, bali aje naye.

Bwana atujalie kuwa kivuli kwa wenzetu. Amina.