Usifungue Dirisha

Mwezi Agosti, shule zikiwa zimefungwa, tuliazima gari la shemeji. Niseme ukweli: tulimwazima na shemeji mwenyewe, maana gari lake hamwachii mtu. Tukatoka Kangemi alfajiri, mimi, mke wangu, binti yangu wa miaka saba na mpwa wangu wa miaka kumi, kwenda Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Nimezaliwa jiji hili na hiyo ilikuwa mara yangu ya pili kuingia humo. Ya kwanza nilikuwa darasa la sita, ndani ya basi la shule, na nilisinzia safari nzima.

Langoni, ukishalipa kwa simu, unakumbushwa sheria. Usishuke ila mahali palipoandikwa. Usilishe wanyama. Usipige honi. Shemeji akaongeza yake: "Na hakuna mtu kufungua dirisha. Simba haulizi wewe ni mtoto wa nani." Watoto wakacheka, wakabandika pua zao kwenye vioo.

Mbuga yenyewe si kubwa, kilomita za mraba 117, na kutoka lango kuu hadi katikati ya jiji ni kama kilomita saba. Ilitangazwa mwaka wa 1946, ya kwanza nchini. Kabla ya hapo Wamaasai walilisha ng'ombe humo. Ukisimama mahali pazuri unaona twiga, na nyuma ya shingo yake majengo marefu ya mjini. Tulimwona huyo twiga. Tuliona nyati, mbuni, na kifaru kwa mbali sana, ambaye mpwa wangu anashikilia mpaka leo kuwa lilikuwa jiwe. Simba hatukumwona.

Tulichoona ni hiki. Swala tomi alikuwa na mtoto mdogo sana, miguu kama njiti. Bweha wawili walikuwa wanawazunguka. Mmoja alimsogelea mama, mama akamfukuza kwa pembe, bweha akarudi nyuma kidogo, akaja tena. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hakuwa anamtaka mama. Alikuwa anamvuta. Mwenzake alikuwa amelala kwenye nyasi upande wa pili, akingoja mama asogee hatua mbili zaidi.

"Baba, mbona hatuendi kuwafukuza?"

"Hairuhusiwi."

"Nani amekataa?"

Nikaanza kueleza. Kwamba bweha naye ana watoto pangoni. Kwamba hiyo ndiyo asili, na sisi ni wageni tu. Nikamsimulia mkasa wa kule Marekani, mwaka wa 2016, ndani ya hifadhi ya Yellowstone: watalii walimwona ndama wa nyati wa huko, wakadhani anasikia baridi, wakampakia ndani ya gari. Walinzi walipojaribu kumrudisha, kundi lilimkataa, akawa anafuatafuata watu na magari barabarani. Mwishowe ilibidi auawe. Huruma yao ndiyo iliyomponza.

Ulikuwa mfano mzuri, nami nilijisikia mzazi kwelikweli. Halafu mama swala akasogea zile hatua mbili, na mimi, mwalimu wa asili, nikamgusa shemeji begani: "Twende, twende." Hatukuona mwisho. Binti yangu alibaki amegeuka akitazama kioo cha nyuma mpaka vumbi likakijaza.

Kabla ya kutoka tukapitia kituo cha wanyama yatima, pale pale karibu na lango. Kumbe hapo ndipo kosa langu lilipokuwa linanisubiri. Watoto wakaelezwa kuwa wanyama wengine huletwa hapo wakiwa wadogo, wamepoteza mama zao, au wameumia. Binti yangu akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, si kwa hasira, alitaka tu kujua: "Kwani hawa waliokolewa na nani, kama hairuhusiwi?"

Jibu lipo, na ni jibu la maana. Madaktari wa wanyama wa shirika la KWS hawaingilii bweha anapowinda. Lakini mnyama akinaswa na waya wa mtego watamtibu, kwa sababu ule waya uliwekwa na mtu. Na ndama wa tembo ambaye mama yake aliuawa na majangili analelewa kwa chupa ya maziwa, kwa sababu ile bunduki ilishikwa na mtu. Pale mkono wa binadamu ulipoharibu, mkono wa binadamu utengeneze. Nilimweleza hivyo, kwa maneno mepesi, akaridhika. Nami nikaridhika.

Nilitakiwa kuishia hapo. Ila hata humo mbugani mkono wa mtu umejaa. Pande tatu ni ua, upande wa kusini tu ndio ulio wazi, wanyama wapate kwenda na kurudi nyanda za Kitengela. Reli ya SGR inapita juu yao kwa daraja refu. Na ng'ambo ya huo upande ulio wazi kuna watu, wana nyumba, wana watoto. Mwezi Aprili 2025 simba alimuua msichana wa miaka kumi na minne katika ranchi inayopakana na mbuga. Alimchukua nyumbani. Siku niliyosoma habari hiyo sikuweza kula. Lakini miezi minne baadaye nililipa pesa ili wanangu wamtafute simba kwa macho, na tulipomkosa walinuna. Sisemi ni dhambi. Nasema tu kwamba kuna watoto wanaomjua simba bila kioo katikati, na sisi hatukuwataja hata mara moja siku ile.

Tulirudi kupitia mjini kwa sababu shemeji alikuwa na mzigo wa kuchukua River Road. Kutoka Nyayo Stadium tukaingia Uhuru Highway, na kufika mzunguko wa Haile Selassie tukakwama kama ilivyo kawaida. Jua kali, vioo tulikuwa tumeshusha. Mvulana akaja katikati ya magari, mkubwa kidogo kuliko binti yangu, chupa ya gluu imejificha ndani ya mkono wa sweta.

"Pandisheni vioo," shemeji akasema.

Sauti ilikuwa ile ile ya asubuhi. Si ya ukali, ya mtu anayewatunza waliomo garini. Tukapandisha. Mvulana akabandika paji la uso kwenye kioo cha binti yangu, akaangalia ndani. Binti yangu akamwangalia. Kisha akauliza, na gari zima likasikia:

"Baba, hata huyu hairuhusiwi?"

Mke wangu akatazama simu yake. Mimi nilikuwa na jibu, na ninyi mnalijua, kwa sababu kila mtu wa Nairobi analo: ukimpa shilingi ishirini ataenda kununua gluu, humsaidii, unamwangamiza. Kuna ukweli ndani yake. Kilichonishtua ni jinsi lilivyonijia upesi, na jinsi lilivyofanana na ule mkasa wa ndama wa Marekani. Huruma inaponza, kwa hiyo tulia, tazama, endelea na safari. Mfano niliompa mtoto asubuhi kwa nia njema sasa ulikuwa unanihudumia mimi.

Lakini kanuni yangu ya pili, ile ya kituo cha yatima, ilikuwa inakataa. Huyu mvulana hakuna bweha aliyemfikisha pale. Kila kitu kilichompata kina mkono wa mtu: aliyemfukuza, aliyebomoa, aliyemuuzia ile chupa. Kwa hesabu niliyoifanya mwenyewe mbele ya mwanangu, katika viumbe wote tuliowaona siku ile, ni yeye mmoja tu ambaye hatukuwa na ruhusa ya kumtazama tu.

Nikasema, "Tutaongea nyumbani." Magari yakasonga.

Nyumbani hatukuongea. Aliingia akalala na viatu. Kesho yake alichora twiga, nyati, na jiwe lenye pembe kumtania binamu yake. Bweha hakuwachora, na yule mvulana pia hakumchora. Nilitafuta kwenye karatasi zote.

Sasa anaomba turudi Desemba, tukamtafute simba. Nimekubali. Shemeji naye yuko tayari, ila anashauri safari hii tusipite mjini. Tukitoka langoni tushike Southern Bypass, tupite nyuma ya Karen hadi Kikuyu, tushuke Kangemi na Waiyaki Way. Hakuna msongamano, anasema, na watoto hawatasumbuliwa na mtu dirishani. Amenitumia ujumbe mara mbili kuuliza kama tumekubaliana. Sijamjibu.